MAISHA YA BIBI SALME BINTI SAID: MJANE ALIYEANZA UPYA UGENINI



Katika kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumeandika mambo mengi ya hisa, ya mikopo na ya mfuko wa jamii. Kamati ikaona si vizuri kitabu kizima kiwe mahesabu tu. Tukakubaliana tuweke na habari za maisha ya mwanamke mmoja mashuhuri, aliyekufa zamani, ambaye alianguka kweli kweli na akainuka. Tukamchagua Bibi Salme binti Said wa Unguja, ambaye Ulaya alijulikana kwa jina la Emily Ruete.

Wapo wenzetu waliouliza, huyu alikuwa binti wa Sultani, sisi wauza vitumbua na dagaa atatufundisha nini? Swali zuri. Lakini soma mpaka mwisho, utaona kwamba mjane ni mjane. Mume akishafumba macho, na ndugu wakishakaa upande mmoja na wewe na watoto upande mwingine, hakuna anayekuuliza baba yako alikuwa nani.

KUZALIWA NA KULELEWA

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar na ndiye aliyehamishia makao yake Unguja. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi, aliyetekwa tangu mtoto mdogo katika vita vya kwao, akauzwa, akaja kuwa suria wa Sultani. Kwa hiyo Salme alizaliwa katika jumba la kifalme, lakini mama aliyemzaa alikuwa mtu aliyeporwa kwao.

Watoto walikuwa wengi mno. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, kwa mama mbalimbali. Salme alikuwa miongoni mwa wadogo. Alilelewa kwanza Mtoni, halafu Beit al Watoro kwa kaka yake Majid, kisha Beit al Tani.

Kuna jambo moja katika utoto wake ambalo sisi limetugusa. Wakati ule watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kuandika ni kwa wanaume. Salme hakukubali. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili maneno ya msahafu, na ubao wake ulikuwa mfupa wa bega la ngamia. Alipojulikana alisemwa, lakini hakuacha. Kumbe mfupa ule ndio uliokuja kumlisha baadaye, kama tutakavyoona.

KUFIWA NA WAZAZI

Mwaka 1856, Seyyid Said akiwa baharini anarudi kutoka Oman, akafariki. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Akahesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa sehemu yake ya urithi: fedha na shamba lenye nyumba. Mwaka 1859 mama yake naye akafariki kwa kipindupindu, ugonjwa ulioua watu wengi sana Unguja. Basi akawa yatima kamili kabla hajatimiza miaka kumi na sita.

Mwaka huohuo ndugu zake wakagombana. Majid ndiye aliyekuwa Sultani. Barghash, ndugu yao mwingine, alitaka kumpindua. Salme akavutwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika wakamfanya karani wao wa siri. Fikiri, msichana wa miaka kumi na mitano anaandika barua za mapinduzi. Mpango ukashindwa. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Salme hakuadhibiwa, lakini alibaki mpweke. Akatoka mjini akaenda kukaa mashambani, Kizimbani na baadaye Bububu. Mwishoni akapatana na Majid. Barghash hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Alimwona dada yake amemgeuka.

KUONDOKA UNGUJA

Aliporudi kukaa mjini, jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba zilikuwa karibu karibu, dari kwa dari. Wakazoeana, wakapendana, na Salme akapata mimba. Kila mmoja wetu anaelewa maana ya jambo hilo kwa binti wa Kiislamu, tena binti wa Sultani, na mwanamume ni wa dini nyingine. Maisha yake yalikuwa hatarini.

Mwezi Agosti 1866, wakati wa sherehe za Mwaka, usiku ambao wanawake huteremka pwani kuoga, Salme aliteremka pamoja na wengine. Akapanda merikebu ya kivita ya Waingereza iliyoitwa Highflyer, akachukuliwa mpaka Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Bwana Ruete. Wakaondoka kwenda Ujerumani. Yule mtoto wa kwanza hakufika. Alikufa njiani.

Hatuandiki haya ili kumhukumu wala kumtetea katika mambo ya dini. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Tunaandika kwa sababu ndiyo yaliyomkata na kwao, na bila kuyajua hutaelewa dhiki iliyomfika.

MIAKA MITATU YA NDOA

Hamburg hakujua mtu. Kijerumani hakujua, na mwanzoni yeye na mumewe walizungumza Kiswahili nyumbani. Baridi ya kule si mchezo kwa mtu aliyezaliwa Mtoni. Chakula kigeni, mavazi mageni, watu wanamtazama kama kitu cha maonyesho. Lakini mume alikuwepo, na watoto wakaja mmoja baada ya mwingine: Antonie Machi 1868, Rudolph Said Aprili 1869, na Rosalie Aprili 1870.

Halafu ikaja Agosti 1870. Bwana Ruete alikuwa anashuka katika gari la abiria linalokokotwa na farasi juu ya reli, akaanguka, gari likamkanyaga. Akafariki tarehe 6 mwezi huo.

Tufanye hesabu hapa. Bibi Salme alikuwa hajatimiza miaka ishirini na sita. Mtoto mkubwa ana miaka miwili na miezi, wa pili mwaka mmoja na miezi, wa tatu bado ananyonya, hajafika hata miezi minne. Nchi si yake, lugha ndiyo kwanza anajifunza, na Ujerumani yenyewe iko vitani na Ufaransa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kaka yake Majid akafariki Unguja, na aliyekalia kiti ni Barghash, yule mwenye kinyongo. Mlango wa nyumbani nao ukafungwa.

MALI NA WASIMAMIZI

Sehemu hii tunaomba kila mwanachama aisome taratibu, kwa sababu ndiyo inayotuhusu zaidi.

Sheria za kule wakati ule hazikumwachia mjane asimamie mwenyewe mali na watoto wake. Waliwekwa wanaume kuwa wasimamizi. Yeye mama, aliyezaa na kunyonyesha, akawa mtu wa kuambiwa. Fedha zilizoachwa zikapungua mpaka ikawa shida, naye hakuwa na uwezo wa kusimama mbele ya mtu akadai. Biashara za mume hakuzijua. Karatasi ziliandikwa kwa lugha ambayo hajaimudu.

Na kwao Unguja alikuwa na haki nyingine. Ndugu zake kadhaa walikuwa wamekufa, na kila anapokufa ndugu kuna sehemu ya urithi. Lakini alihesabiwa kuwa ametoka katika dini na katika ukoo, kwa hiyo hakupewa. Akawa amenyimwa pande zote mbili.

Ndugu msomaji, katika miaka kumi ya kikundi hiki tumekaa matanga mengi. Tumeona mjane kabla hajamaliza eda tayari kuna anayeuliza hati ya kiwanja iko wapi. Tumeona cherehani inabebwa, godoro linabebwa, mwenyewe anatazama. Mwanachama wetu mmoja alibakiwa na kitabu chake cha hisa tu, kwa sababu kilikuwa ndani ya sanduku la kikundi lenye kufuli tatu. Hisa zile ndizo zilizolipa kodi ya chumba. Ndiyo maana tulipoisoma habari ya Bibi Salme hatukuiona kuwa habari ya Ulaya wala ya zamani.

ALIVYOANZA UPYA

Sasa alifanya nini? Hakuna muujiza uliotokea. Alifanya mambo madogo madogo, mwaka baada ya mwaka.

Kwanza alikubali kuteremka. Mtu aliyekua akihudumiwa kwa kila kitu akaanza kuhesabu kila senti. Aliondoka Hamburg, akahama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, mpaka Berlin, akitafuta mahali anapoweza kuishi na kusomesha watoto. Wako watu wanaona aibu kuhama nyumba ya vyumba vitatu kwenda ya chumba kimoja, wanakopa ili majirani wasijue. Yeye hakufanya hivyo.

Pili alijifunza lugha. Alijifunza Kijerumani cha kusema na cha kuandika, mpaka akakimudu vizuri kuliko wengi waliozaliwa nacho.

Tatu alitumia alichokuwa nacho. Alikuwa na nini? Alikuwa na Kiarabu, na alikuwa na ile kalamu aliyojifundisha kwa siri juu ya mfupa wa ngamia. Akaanza kufundisha Kiarabu kwa malipo. Alichokatazwa utotoni ndicho kikawa riziki.

Nne aliandika. Alianza kuandika habari za maisha yake ili watoto wake waje kujua walikotoka, kwa sababu afya yake ilikuwa mbaya na aliogopa kufa kabla hawajakua. Mwaka 1886 maandishi hayo yakachapishwa Berlin kuwa kitabu, na mwaka 1888 kikatoka kwa Kiingereza. Ndani yake ameeleza maisha ya jumba la Mtoni, vyakula, mavazi, sikukuu, ndoa, maradhi, malezi ya watoto. Mpaka leo anayetaka kujua mambo ya ndani ya majumba ya Unguja ya wakati ule hawezi kukipita kitabu hicho. Ni kati ya vitabu vya mwanzo kabisa vya mwanamke wa Kiarabu kueleza maisha yake mwenyewe.

Aliandika pia barua ndefu za kueleza mateso ya ugenini. Hizo hakuzichapisha alipokuwa hai. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993, karibu miaka sabini baada ya kufa kwake.

WAKUBWA WALIVYOMTUMIA

Mwaka 1875 Sultani Barghash alizuru London. Bibi Salme akaenda huko, akitumaini kuonana na ndugu yake wapatane. Serikali ya Uingereza haikutaka wakutane, maana ingemwudhi mgeni wao. Mkubwa mmoja, Sir Bartle Frere, akamwambia achague: ama kutafuta kupatana na ndugu zake, ama watoto wake wapate kuangaliwa masomo yao. Mama gani hatachagua watoto? Akaacha kumtafuta kaka yake. Barghash alipokwisha kuondoka, ahadi ile haikutimizwa. Akarudi Ujerumani mikono mitupu.

Miaka kumi baadaye, 1885, Wajerumani wakamchukua na watoto wake katika merikebu mpaka Unguja. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu usiku ule wa Mwaka. Alifurahi mno kuuona mji. Watu walimfuata barabarani wakimsalimu, ingawa walijua Sultani hapendi. Lakini Barghash alikataa kumpokea. Kumbe na Wajerumani nao walikuwa na shughuli yao. Walileta manowari ili kumtisha Sultani awaachie nchi za bara, na kesi ya Bibi Salme ilikuwa kisingizio kimojawapo. Walipopata walichotaka, habari ya urithi wake wakaiweka kando.

Mwaka 1888 Barghash akafariki, akatawala Khalifa bin Said. Bibi Salme akaenda tena Unguja mara ya pili. Akakataliwa tena.

Sisi hapa tumewahi kuletewa watu wenye magari, wakatupiga picha, wakaandika majina yetu, wakaahidi mtaji, wakaondoka. Hatuwataji, hakuna haja. Tunachosema ni kwamba mwenye shida hupata marafiki wengi ambao shida yake ni ngazi yao. Bibi Salme alijifunza hilo mara mbili, na kila mara watoto walikuwa mkononi mwake.

UZEE WAKE

Baada ya safari hiyo hakurudi kukaa Ujerumani. Alikwenda Jaffa, halafu Beirut, akaishi nchi za Kiarabu muda wa miaka ishirini na mitano hivi, mpaka 1914. Alikuwa karibu na lugha yake na hali ya hewa iliyomfaa, ingawa si kwao. Kisha akarudi Ujerumani kwa watoto wake.

Watoto wote watatu walikua. Rudolph alikuwa afisa wa jeshi, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said. Antonie aliishi na mumewe visiwa vya mbali, na mwaka 1907 akatoa kitabu cha mapishi kwa wanaoishi nchi za joto. Rosalie aliolewa na mwanajeshi. Mama yao aliwalea peke yake, hakuolewa tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Sultani Khalifa bin Harub, hatimaye akatengewa posho ndogo kutoka Zanzibar. Haikuwa ule urithi, ilikuwa kidogo sana, tena imechelewa zaidi ya miaka hamsini. Lakini ilikuwa kukubali kwamba ni mtu wao.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 79. Akazikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameutunza. Wakamzika nao. Mwaka 1994 jumba la Sultani la Unguja lilipofunguliwa kuwa makumbusho, chumba kimoja kiliwekwa kwa kumbukumbu yake.

JAMBO TUSILOLIFICHA

Hatutaki kuandika sifa tupu kama za msibani. Bibi Salme alikulia katika nyumba ya watumwa, na mashamba yake yalilimwa na watumwa. Katika kitabu chake aliutetea utumwa na akawasema vibaya watu weusi. Mama yake mwenyewe alikuwa ameuzwa, lakini hilo halikumfungua macho. Mwaka 2019 huko Hamburg walikipa kiwanja kimoja cha mji jina lake, halafu kwa sababu ya maneno hayo wakaamua kuliondoa.

Kwenye kamati tulibishana juu ya hili. Baadhi yetu ni wajukuu wa watu waliochuma karafuu bila ujira. Mwenzetu mmoja alisema tumwache kabisa, tutafute mwingine. Mwisho tulikubaliana kwamba tumwandike na hilo tuliandike. Mtu aweza kudhulumiwa na yeye akadhulumu wengine. Uvumilivu wake tunauchukua, dharau yake tunaikataa. Na sisi tujiangalie: mwanachama anayelia kwamba shemeji zake wamemnyang'anya, je, binti anayemfanyia kazi za ndani analipwa mshahara wake mwisho wa mwezi?

TUNAYOJIFUNZA

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa maisha ya Bibi Salme tunapenda wanachama wabaki na haya:

1. Mwanamke ajue mali ya nyumbani wakati mume yu hai. Ajue hati iko wapi, deni ni la nani, jina la nani limeandikwa. Kuuliza si kumwombea mume kifo.

2. Elimu haiozi. Mfupa wa ngamia ulimlisha mtu Ulaya. Mwanachama ambaye bado anatia dole gumba kwenye kitabu cha hisa, darasa letu la jioni lipo, aje.

3. Kuteremka si kuanguka. Ukipungukiwa, punguza matumizi mapema, usingoje kuuza masufuria.

4. Ahadi ya mkubwa isikufanye uache lako. Mfadhili akija, karibu. Asipokuja, Jumamosi tunakutana kama kawaida.

5. Bibi Salme alipofiwa hakuwa na kikundi. Hakuwa na mfuko wa jamii, hakuwa na wenzake wa kukaa naye mkekani wala wa kumwambia msimamizi kwamba huyu hayuko peke yake. Kama angekuwa na wanawake ishirini nyuma yake pale Hamburg, mambo yangeweza kuwa mengine. Sisi tunao. Basi mwenzetu akifiwa, twende siku ile ile, na daftari tuende nalo.

 Mungu awalaze pema wenzetu waliotangulia, awatie nguvu wajane na yatima wetu, na atujalie miaka kumi mingine.

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati na wanachama wote.